Gari la Fowili Likilia Nyuma: Difu Iwe ya Mwisho Kushukiwa

Pikapu yetu ya Land Cruiser ilianza kuvuma nyuma tukitoka Kibaigwa na magunia ya mahindi. Sauti ilianza kwenye kilomita 50 kwa saa, na tulipofika 70 ilibidi tupaze sauti kusikilizana. Gereji ya kwanza tuliyoingia hapa mjini Dodoma walizunguka na gari dakika tano, wakasema difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, imekwisha. Tukanunua difu ya mtumba, ikafungwa siku nzima, na jioni gari likatoka likivuma vilevile. Kilichokuwa kinalia ni beringi ya gurudumu la nyuma kushoto. Pesa ya difu haikurudi.

Tangu hapo nimesikia kisa hichohicho kwa wenye Hilux za Mpwapwa, wenye Land Rover Defender za Kondoa na wenye Patrol za Bahi. Difu inalaumiwa kwa sababu ni kubwa na iko katikati, lakini ukiijaza oili na isiingie maji, huishi kuliko karibu kila kitu kinachoizunguka. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nje na kuingia ndani. Usikubali mtu afungue difu yako kabla hujamaliza ya nje.

Kwanza sikiliza: sauti inabadilishwa na nini?

Hii ndiyo kazi kubwa, na haihitaji spana. Tafuta lami iliyonyooka asubuhi kabla magari hayajawa mengi. Barabara ya kwenda Bahi inafaa sana. Mtu mmoja aendeshe, mwingine akae kiti cha nyuma asikilize. Kama ni pikapu ya kebini moja, msikilizaji akae mbele na dirisha la nyuma liwe wazi. Asipande nyuma kwenye bodi.

Jiulizeni mambo manne. Je, sauti inabadilika ukikanyaga mafuta na kuyaachia? Ikibadilika, elekeza macho kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) na meno ya difu. Je, inabaki ileile hata ukitoa gia na kuacha gari liserereke? Basi ni kitu kinachozunguka na gurudumu: beringi, tairi au breki. Je, inaongezeka ukiyumbisha gari taratibu kushoto na kulia? Mara nyingi hiyo ni beringi ya gurudumu, na upande wenye ugonjwa ni ule unaobebeshwa uzito: ukikata kushoto, uzito unalalia kulia. Swali la nne hukosa kuulizwa na wengi: je, sauti inapotea ukitoka kwenye lami na kuingia kwenye vumbi? Ikipotea, ni tairi, na hakuna beringi wala difu inayojali aina ya barabara.

Andika majibu kwenye karatasi na umpe fundi. Fundi mzuri atafurahi. Asiyetaka kuyasoma, tafuta mwingine.

Kabla ya kuingia chini

Gari la fowili lina hatari yake kwenye jeki. Kwenye Defender na Land Rover nyingine za zamani, hendibreki haishiki magurudumu ya nyuma. Inashika dramu iliyo nyuma ya transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwenye mzizi wa propela. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke huru na gari linaweza kuserereka huku hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Gari lolote lililoachwa kwenye gia lina tatizo hilohilo ukinyanyua gurudumu moja. Weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, simamisha gari kwenye sakafu ngumu, na litulize kwenye stendi za chuma. Jeki pekee haitoshi. Vumbi letu la hapa ni laini, jeki huzama taratibu na hutaona mpaka gari limelala.

Kishindo kimoja, "ko!", unapoondoka au unapoachia mafuta

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Gari linatulia, unaweka gia, unaachia klachi, "ko!" moja nyuma. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, "ko!" tena.

Anayeongoza ni krosi ya propela, ule msalaba wa chuma wenye vikombe vinne vya beringi za sindano. Gari likiwa limezuiwa kwa mawe na gia imetolewa, shika propela karibu na krosi kwa mkono mmoja, flenji (sahani yenye bolti inayoishikilia propela) kwa mkono mwingine, kisha zungusha kila mmoja upande wake na pia sukuma juu na chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Ukiona inacheza, hata kama ni kidogo, badili. Angalia pia vumbi jekundu la kutu kwenye midomo ya vikombe: hilo linasema grisi iliisha zamani.

Baada ya krosi, shika spana ukaze bolti za flenji pande zote mbili. Bolti iliyolegea hulia sawasawa na krosi mbovu, na kuikaza ni dakika kumi. Nimeona bolti tatu kati ya nne zimelegea kwenye gari lililokuwa likienda Kongwa kila wiki kwenye rafu rodi, na mwenyewe alikuwa tayari anaulizia bei ya difu. Tumia nati mpya za kujifunga.

Kisha angalia sehemu ya propela inayoingia na kutoka kama darubini gari linapopanda na kushuka. Ikikauka grisi, hukwama kisha hujiachia kwa kishindo, hasa unaposimama au kuondoka. Ina nipeli yake ya grisi, na mafundi wengi wa kuosha na kupiga grisi huisahau kwa sababu imejificha chini ya matope. Piga grisi taratibu, usijaze mpaka sehemu hiyo ishindwe kuingia.

Kama bado, panda kwenye springi. Yubolti (zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea au sentabolti (inayopita katikati ya pleti za springi) iliyokatika huruhusu ekseli nzima kusogea mbele na nyuma unapoondoka. Angalia kama kuna alama inayong'aa kati ya springi na kalio la ekseli; chuma kinachong'aa ni chuma kinachosuguana. Bushi za springi zilizokwisha hutoa kishindo laini zaidi, cha mpira.

Kwenye ekseli ambazo hafu shafti, ile inayotoka kwenye difu kwenda gurudumuni, inafungwa kwa bolti kwenye uso wa habu (kitovu cha gurudumu), kama Defender na Land Cruiser nyingi za kazi, tazama uso huo. Michirizi ya oili inayotoka katikati kwenda nje kama miale ya jua inasema nati za hafu shafti zimelegea. Hilo usiliache hata siku moja. Studi zikianza kucheza hukatika moja baada ya nyingine, na iliyobaki haibebi mzigo. Kwenye Defender kuna jambo la ziada: meno ya ndani ya flenji ya hafu shafti hulika na kuacha nafasi. Toa kifuniko cha mpira katikati ya habu, mtu mmoja ayumbishe propela mbele na nyuma, wewe tazama kama ncha ya shafti inatangulia kusogea kabla ya flenji. Flenji ni ya bei nafuu kuliko difu kwa mbali.

Ukimaliza hayo yote na kishindo kipo, ndipo nafasi ya ndani ya difu inaposhukiwa. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, mtu ayashike yasizunguke, wewe zungusha flenji ya difu kwa mkono. Kila difu ya zamani ina nafasi kidogo, na nafasi hiyo peke yake haikulazimishi kuifungua. Ikiwa flenji inasogea juu na chini, hiyo ni beringi ya pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, na hapo unasimama.

Mlio wa ndege, "chwi chwi chwi", unaofuata mwendo

Krosi imekauka. Unasikika zaidi ukitembea pole karibu na ukuta. Piga grisi mpaka itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kisichotoa grisi kimeziba au kimekufa. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi ndani ya wiki, kutu imeshakula sindano. Badili kabla haijakatika, kwa sababu propela ikikatika mbele gari likiwa kwenye mwendo, ncha yake inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari.

Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kuondoka

Kwa Dodoma, sababu ya kwanza mara nyingi ni udongo. Ukipita mbuga za Bahi wakati wa masika, ule udongo mweusi unashika ndani ya rimu, jua linaukausha ukawa kama tofali, na kesho yake gari linatetemeka kwenye kilomita 80. Ingiza mkono ndani ya rimu zote nne, toa udongo wote, osha propela nayo, kisha rudi barabarani. Wengi huishia hapo.

Kama umebadili krosi au umefungua propela hivi karibuni, chunguza ilivyorudishwa. Propela ya vipande viwili vinavyoingiliana lazima uma za ncha zake mbili zilale sambamba. Fundi akikosea meno machache, kila krosi inavuta kwa wakati wake na gari linatetemeka mpaka vioo. Ndiyo maana kabla ya kufungua chochote chora alama kwa rangi nyeupe kwenye flenji na kwenye mwili wa propela. Tazama pia kama kile kibati kidogo cha kusawazisha kilichochomelewa kwenye propela kipo. Kikidondoka huacha alama safi ya mraba.

Springi zilizolala kwa mzigo wa miaka, au zilizoongezwa pleti ili gari liinuke, hubadili pembe ya propela na kuleta mtetemo wakati wa kuondoka. Hapo dawa ni springi, na krosi mpya hazitadumu kabla hujazirekebisha. Kusawazisha propela yenyewe ni kazi ya mashine ya karakana. Kufunga waya au klipu kwa kubahatisha ni kupoteza muda.

Mvumo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mvumo usiobadilika na mafuta: anza na tairi. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja, tairi limelika vibaya na linavuma. Badilishana tairi za nyuma na za mbele. Sauti ikihamia mbele, umemaliza kazi bila kununua kitu.

Tairi zikiwa salama, nenda kwenye beringi za magurudumu. Endesha kilomita 20 hivi bila kutumia breki sana, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kuibana. Habu moja iliyo na moto kuliko ya upande wa pili inakuambia kitu. Halafu nyanyua gurudumu, shika juu na chini, tikisa. Kisha lizungushe kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeuweka kwenye springi. Beringi iliyochimbika utaihisi kwenye chuma kabla hujaisikia kwa sikio.

Kwenye ekseli za habu zenye beringi mbili za koni, kama Defender na Land Cruiser za kazi, unaweza kufungua, kuosha kwa dizeli, kutazama na kupaka grisi mpya mwenyewe ukiwa na spana ya nati ile kubwa. Chuma cha beringi kikiwa na madoa meusi au vishimo, badili beringi pamoja na kikombe chake. Kwenye Hilux nyingi beringi imekandamizwa juu ya hafu shafti yenyewe, na pete yake ndiyo inayozuia shafti na gurudumu visitoke nje. Hapo simama. Kazi hiyo inataka mashine ya kukandamiza. Pete iliyopigwa kwa nyundo au kupashwa moto holela inaweza kuachia, na gurudumu linaondoka na shafti yake.

Mvumo unaobadilika na mafuta mara nyingi ndio wa difu, lakini hata huo una sura zake. Mluzi unaokuja unapokanyaga na kunyamaza unapoachia ni uso wa mbele wa meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na pinioni: yamelika au hayakupangwa vizuri mara ya mwisho difu ilipofunguliwa. Mluzi unaokuja unapoachia, kwa mfano ukishuka Nyang'oro kuelekea Mtera huku injini inashikilia gari, mara nyingi ni pinioni iliyolegea. Mngurumo mzito uliopo muda wote, unaopanda haraka kuliko mwendo wa magurudumu, ni beringi ya pinioni, kwa kuwa pinioni huzunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Kabla ya kukata shauri, angalia oili. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari limelala hapo. Oili ifike kwenye mdomo wa tundu la kujazia, gari likiwa kwenye usawa. Difu nyingi za magari haya hutaka oili ya gia ya GL-5, 80W-90 au nzito zaidi kidogo kwa joto letu na mizigo. Usiichukulie oili hiyohiyo kwa giaboksi kabla ya kusoma kitabu cha gari, kwa sababu giaboksi nyingi za zamani hutaka GL-4 ili shaba za ndani zisiliwe. Kwenye sumaku ya nati, tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida: gari lisitembee, liite brekidauni.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi kwenye gari linaloweza kuvutwa na mbele peke yake. Weka mawe, chora alama, toa propela ya nyuma yote, funga habu za mbele ili zishikane na shafti zake, weka H4 (fowili ya mwendo wa kawaida), tembea pole kwenye barabara ya vumbi, kilomita 30 hivi. Kwenye Defender lazima ufunge kufuli ya difu ya kati, iliyo ndani ya transfa, la sivyo gari halitasogea na hendibreki haitashika kitu. Sauti ikinyamaza kabisa, ni propela au meno ya difu yanayobeba mzigo. Ikibaki ileile, ni magurudumu, breki, beringi za difu ambazo bado zinazungushwa na magurudumu, au inatoka mbele, kwenye transfa. Chesi husafirisha sauti na sikio hudanganyika. Kama propela ya gari lako inaingia moja kwa moja kwenye transfa bila flenji, usifanye kipimo hiki, oili itamwagika yote.

Kukwaruza upande mmoja

Gusa breki kidogo. Sauti ikibadilika, fungua dramu: mara nyingi ni kokoto iliyokwama, breki shuu iliyokwisha au kamba ya hendibreki iliyoganda. Ukikuta dramu ina oili, sili ya ekseli imekwisha, na shuu zilizoloa oili hazifai tena hata ukiziosha kwa petroli.

Mkwaruzo na mishtuko kwenye kona

Tazama wenzo wa transfa kwanza. Mtu ametoka kwenye tope, amefika lami ya Chamwino, amesahau kurudisha H2 (kuvutwa na magurudumu ya nyuma pekee). Kwenye fowili ya kuchagua, magurudumu ya mbele na nyuma hayapati nafasi ya kutofautiana kwenye kona, nguvu inajikunja ndani ya propela na kuachia kwa mshtuko. Rudi nyuma kwa kunyooka mita chache, kisha toa. Difu ya kati ya Defender iliyosahaulika kwenye kufuli hufanya hivyohivyo.

Kama difu yako ni ya aina inayojibana yenyewe, kutetemeka kwenye kona pole huletwa na oili isiyo ya aina hiyo. Badili oili kwa iliyoandikwa LSD kabla ya kingine. Tiki tiki za chuma kwenye kona zote mbili, kwa gari la difu ya kawaida, ni gia ndogo za ndani. Hizo ni za fundi.

Baada ya kuvuka korongo

Difu iliyotoka kwenye mwendo mrefu ina moto. Ikizama ghafla kwenye maji ya korongo, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kama kipumulio cha juu ya ekseli kimezibwa na vumbi, hewa itavutwa kupitia sili, pamoja na maji. Kisafishe kila unapobadili oili. Ukiweza, ongeza mpira mrefu ukipeleke juu kwenye chesi. Ukiona oili ya rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyohiyo, hata kama gari halijaanza kulia.

Ikiwa kweli ni difu

Usimruhusu mtu akaze nati ya pinioni "kidogo tu" ili kuondoa kucheza. Difu nyingi zina spesa inayobonyea ndani, na ukizidisha mkazo beringi zinabanwa, zinachemka, na difu uliyotaka kuiokoa inakufa ndani ya safari moja. Kupanga krauni na pinioni kunataka saa ya kupimia sehemu za milimita na rangi ya kuonyesha meno yanavyokutana. Muulize fundi kama anavyo, naye akuonyeshe.

Ukichagua difu ya mtumba, hesabu meno. Krauni ya 37 kwa pinioni ya 9 hutoa 4.11, ya 43 kwa 11 hutoa 3.91. Kwa macho zinafanana, lakini ukifunga ya nyuma isiyolingana na ya mbele, siku utakapoweka H4 transfa ndiyo itakayolipa. Kuhakiki kwenye gari lako bila kufungua difu, kama ni ya kawaida: gurudumu moja la nyuma libaki chini, nyanyua la pili, toa gia, lizungushe mizunguko miwili kamili na uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizidi nne kidogo ni 4.11, ikikaribia nne bila kuitimiza ni 3.91. Fanya hivyo kabla ya kulipa.